Ubingwa wa Fizi na Meno ya Kupandikiza

Nchini Marekani, daktari wa meno anayetaka kuwa bingwa wa maradhi ya fizi husoma miaka mitatu zaidi baada ya shahada yake ya kwanza ya udaktari, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, na tume inayoidhinisha mafunzo hayo inataka ndani ya miaka hiyo mitatu afundishwe kwa muda usiopungua miezi 30, huku miaka miwili mfululizo ya kutibu wagonjwa ikipita katika kituo kimoja. Sharti hilo la kituo kimoja, ambalo huenda likaonekana kuwa la kiofisi tu, ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa fizi na mfupa hupona polepole, na daktari anayehamahama hawezi kujua iwapo kazi ya mikono yake ilifaulu.

Ugonjwa wenyewe huanza na utando laini wa bakteria unaojengeka pale fizi inapokutana na jino, nao usiposuguliwa huganda ukawa ukoga mgumu. Fizi huvimba na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki, hali ambayo bado hutibika kabisa. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe huo hushuka chini, ukaharibu kano zinazolishikilia jino pamoja na mfupa wa taya, na baina ya jino na fizi pakatokea uwazi uitwao mfuko. Kina cha mfuko hupimwa kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachoingizwa kwa mkono mwepesi mahali sita kuzunguka kila jino, hivi kwamba mwenye meno 28 hupimwa mara 168. Milimita 1 hadi 3 ni kina cha kawaida, ilhali mfuko wa milimita 4 au zaidi unaotoka damu huhitaji uangalizi. Kazi hii inachosha na haina fahari yoyote, na pengine ndiyo sababu wanaoanza hupenda kuiharakisha, ingawa kosa la milimita mbili laweza kubadili uamuzi wote wa tiba.

Vipimo hivyo, vikiunganishwa na picha za eksirei na habari za sigara na kisukari, humwezesha daktari kuupanga ugonjwa katika mfumo uliokubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2017 na kuchapishwa mwaka 2018, wenye hatua nne zinazoeleza ukubwa wa uharibifu na madaraja matatu yanayoeleza kasi yake. Tiba huanza kwa kukwangua ukoga ulio chini ya fizi, kisha husubiriwa wiki kadhaa kabla ya kupima upya. Upasuaji wa kuifungua fizi, kuusafisha mzizi na kutia chembe za mfupa palipobomoka huja baadaye, endapo mifuko imebaki na mgonjwa ameonesha kwamba anapiga mswaki ipasavyo.

Upandikizaji wa meno uliingia katika fani hii kwa sababu skrubu ya titani, inayochukua nafasi ya mzizi, hukaa katika mfupa uleule na kuzungukwa na fizi zilezile. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani hushikamana na mfupa ulio hai, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Utaratibu wake ulitaka kusubiri takribani miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, ijapokuwa siku hizi muda huo hufupishwa mara nyingi. Skrubu hiyo haina kano, na uvimbe ukiifikia huweza kuula mfupa kwa kasi, hasa kwa waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi au wanaovuta sigara. Kwa hiyo ubingwa halisi huonekana pale daktari anapokataa kupandikiza kabla ya ugonjwa kutulizwa, au anapolitetea jino lililolegea kidogo ambalo mwingine angeling'oa.

Mgonjwa anayeshauriwa kung'oa jino na kupandikiza jingine aulize kwanza mifuko ya fizi zake ina milimita ngapi, na ni nani atakayeendelea kuipima baada ya skrubu kuwekwa.