PWEZA NDANI YA KITUMBUA: CHAKULA CHA MJI WA OSAKA

Mpenzi msomaji, wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mjomba wangu yeye alipotembea alikula miguu ya pweza, tena ndani ya kitumbua! Usicheke bado. Tulia nikueleze chakula hicho ni kitu gani, kilianzaje, na jinsi kilivyonifunza mimi, mwana wa muuza vitumbua, somo ambalo halimo katika silabasi.

Mjomba ni baharia. Meli yao hupakia magari yaliyotumika kule Japani na kuyaleta Kilindini. Safari moja walifunga gati Osaka wakapewa ruhusa ya jioni moja. Basi wakaenda Dotonbori, mtaa wa vyakula ulio kando ya mfereji, wenye mataa mengi hata usiku hauonekani. Tangu zamani Osaka huitwa jiko la taifa, kwa kuwa mchele na bidhaa nyingine za nchi nzima zilikuwa zikikusanywa na kuuzwa hapo. Sisi Wakenya mji huo si mgeni kwetu. Ndiko Catherine Ndereba aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia mwaka wa 2007.

Chakula chenyewe kinaitwa takoyaki. Tako ni pweza, na yaki ni kuchoma au kukaanga. Si chakula cha kale sana. Mwaka wa 1933 bwana mmoja aitwaye Endo Tomekichi alianza kuuza kibandani vitonge vya unga vilivyotiwa nyama ya ng'ombe. Vikiitwa radioyaki, manake siku hizo redio ilikuwa kitu kipya cha fahari. Inasimuliwa kuwa mteja mmoja alimwambia kwamba watu wa Akashi, mji wa pwani usio mbali na hapo, wao hutia pweza. Bwana Endo hakununa. Alijaribu, na mwaka wa 1935 takoyaki ikazaliwa.

Je, hupikwaje? Unga wa ngano hukorogwa kwa mayai na mchuzi mwepesi uliochemshwa kwa mwani na samaki mkavu. Kikaango chake ni chuma chenye vishimo vya mviringo. Vishimo hupakwa mafuta, kisha uji humiminwa hadi ukafurika. Kila kishimo hutiwa kipande cha pweza aliyekwisha kuchemshwa, vitunguu vya majani, tangawizi nyekundu ya siki na chembechembe za unga uliokaangwa. Chini kukishikana, mpishi huchukua kijiti cha chuma chenye ncha, akausukumiza ndani ule uji uliofurika, na kukizungusha kitonge robo tu. Hapo ndipo siri ilipo. Uji mbichi wa juu humwagika chini, ukajaza ile nafasi na kuiva. Huzungushwa tena na tena, hadi kinakuwa mviringo kama gololi kubwa.

Vikiiva, vitonge sita au vinane hupangwa kwenye kisahani chenye umbo la mashua. Hupakwa mchuzi mweusi wenye utamu, vikanyunyiziwa mwani uliosagwa na vipande vya samaki mkavu vilivyo vyembamba kama karatasi. Mvuke ukipanda, vipande hivyo huchezacheza. Mjomba aliapa kuwa vilikuwa hai!

Alichukua kimoja akakitia kinywani kizima kizima. Loo! Nje kilikuwa kimepoa, lakini ndani moto wa kuotea mbali. Machozi yakamtoka. Muuzaji, mama wa makamo, akamwonyesha kwa ishara: toboa kwanza, mvuke utoke, ndipo ule. Cha pili akakila kwa adabu. Nje kimekauka kidogo, ndani laini kama uji, na katikati pweza wa kutafuna.

Mjomba alituhadithia haya usiku, Mama akiwa anatayarisha unga wake wa mchele. Mama akacheka, akanyanyua kikaango.

"Kakangu, hicho chuma cha Wajapani si ndicho hiki changu?"

"Ndicho, dadangu. Ila wewe hugeuza mara moja tu, wao huzungusha."

Kumbe ni kweli! Kitumbua ni mchele uliolowekwa ukasagwa, tui la nazi, sukari, iliki na hamira ya kuumua. Takoyaki ni ngano na mayai, wala haihitaji hamira. Lakini chuma ni kile kile, na ufundi wa mkono ni ule ule.

Jumapili tukanunua pweza sokoni tukajaribu. Vya kwanza viliharibika, manake vishimo vya vitumbua ni vipana wala havina kina, vikatoka bapa. Mara ya tatu vikakubali. Jirani yetu mmoja, ambaye akiona pweza hutema mate chini, alikula vinne kabla ya kuuliza ndani kuna nini!

Sasa nikiri jambo. Nilipokuwa kidato cha kwanza wenzangu walinipa jina la Kitumbua, kwa sababu Mama huuza vitumbua alfajiri kwenye steji ya matatu. Niliona haya. Nikimbebea beseni nilipita uchochoroni nisionekane, na mara mbili nilijisingizia kuumwa na kichwa. Akalibeba mwenyewe. Wala sikujiuliza sare niliyoivaa na pesa za chakula changu cha mchana shuleni zinatoka wapi. Zinatoka katika beseni lile lile.

Kule Osaka chakula cha kibandani ndicho fahari ya mji, na wageni huvuka bahari kwenda kukionja. Ikiwa kitonge cha unga wa ngano kinaweza kuupa mji mkubwa sifa, kitumbua kina aibu gani?

Wahenga hawakukosea waliposema mcheza kwao hutunzwa. Basi msomaji, ukijaliwa kufika Osaka, toboa kwanza ndipo ule. Usipojaliwa, pitia stejini saa kumi na mbili asubuhi, vingali moto. Utanikuta nimeshika beseni, na ukiniita Kitumbua nitaitika.