Kununua Zulia kwa Wazapoteki: Niliyoyajua Baada ya Kuuziwa Plastiki

Mlangoni mwa chumba chetu hosteli kuna zulia jekundu lenye michoro ya pembepembe, na kila anayeingia anafutia miguu hapo. Juzi rafiki yangu mmoja alishtuka: "Si ndilo ulilotoka nalo Meksiko hilo? Mbona mnalikanyaga na matope?" Nikamwambia kaa nikueleze. Maelezo yakawa marefu, na kwa kuwa siku hizi kuna wenzetu wanaopata nafasi za kubadilishana vyuo, nimeona bora niyaandike.

Nilikaa Meksiko muhula mmoja, mwaka 2024. Likizo ilipofika nikapanda basi la usiku kwenda Oaxaca, jimbo la kusini (tamka "Wahaka", usije ukachekwa stendi kama mimi). Huko ndiko kwa Wazapoteki, watu waliojenga mji wa Monte Albán juu ya mlima yapata miaka 500 kabla ya Kristo, na mpaka leo wengi wao wanazungumza lugha zao wenyewe. Benito Juárez, yule rais ambaye sura yake iko kwenye noti za Meksiko, alikuwa Mzapoteki. Alipoingia mjini Oaxaca akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, Kihispania kilikuwa bado kinamshinda. Ukiwa unasomea ualimu huwezi kuipita habari kama hiyo.

Shida yangu ilikuwa moja tu: zulia la sufu la kumpelekea bibi. Nikalinunua siku ya kwanza, palepale mjini. Muuzaji aliniambia ni sufu tupu, rangi za asili, limefumwa kijijini. Alitaja peso 900, nikaomba punguzo, akanipa kwa 600 bila shida. Hilo la "bila shida" lilitakiwa kunishtua. Halikunishtua. Kesho yake nikaenda kijijini kutembea tu, zulia langu likiwa ndani ya begi.

Kitu cha kuelewa kuhusu bonde la Oaxaca ni kwamba kila kijiji kina kazi yake. Mazulia ya sufu ni ya Teotitlán del Valle, kama kilomita 30 mashariki mwa jiji. Kufika huko huhitaji gari la watalii. Kuna teksi za kuchangia nauli zinazopita barabara ya kwenda Mitla. Unashuka njia panda, unamalizia na bajaji. Nasema hivi kwa sababu waongozaji wengi hupeleka wageni kwenye nyumba inayowapa asilimia, na asilimia hiyo lazima itoke mahali: kwenye mfuko wako au wa mfumaji.

Niliingia uani kwenye nyumba moja isiyo na kibao kikubwa. Kulikuwa na mama wa makamo na binti yake. Wao kwa wao waliongea Kizapoteki. Na mimi waliongea Kihispania, ambacho kwa yule mama na kwangu kilikuwa lugha ya kujifunza, kwa hiyo tulikwenda polepole na tukaelewana vizuri. Nikaona zulia moja, upana sentimita 60, urefu mita moja. Bei? Peso 2,400. Nikajibu kama niko Kariakoo: 1,400.

Hakukasirika. Alinipa brashi mbili za mbao zenye meno ya waya na kibonge cha sufu, akasema, "Chana, mwanangu."

Sufu ikishaoshwa huchanwa hivyo mpaka nyuzi zilale upande mmoja. Baada ya dakika kumi viganja viliniwaka, na nilichotoa hakikujaa mkono mmoja. Ikishachanwa husokotwa kwa gurudumu, ndipo itiwe rangi, ndipo ipande kwenye kitanda cha mfumi. Kitanda chenyewe ni cha kukanyaga kwa miguu. Kililetwa na Wahispania karne ya 16, pamoja na kondoo. Kabla ya hapo Wazapoteki walifuma pamba, kwa mitambo midogo inayofungwa kiunoni. Mfumaji husimama kutwa nzima akipitisha mshindio kwenye mtande, na kila mchoro unapogeuka hubadilisha uzi kwa vidole. Zile pembe na ngazi unazoziona zinafanana sana na nakshi za mawe kwenye magofu ya Mitla, ambayo hayako mbali.

Rangi ndiyo iliyonimaliza kabisa. Nyekundu inatoka kwa wadudu, kochinila, wanaoishi kwenye mpungate wakinyonya maji yake. Majike hukusanywa, hukaushwa, halafu husagwa juu ya jiwe. Kilo moja ya wadudu wakavu ni wadudu zaidi ya laki moja! Enzi za utawala wa Wahispania, kati ya bidhaa zilizosafirishwa kutoka Meksiko, rangi hii ilikuwa ya pili kwa thamani baada ya madini ya fedha, na ilifika mpaka kwenye makoti mekundu ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Yule binti alinipondea mdudu mmoja kiganjani. Akakamulia limau, nyekundu ikawa ya chungwa. Akanyunyiza chokaa, ikawa zambarau. Buluu yao ni nili, inayotoka upande wa Niltepec: sufu hutolewa kwenye pipa ikiwa ya kijani, ikipigwa na hewa inageuka buluu ukiwa unaitazama. Njano wanaipata kwenye maua na majani ya porini.

Sasa hesabu. Tuliifanya kwenye daftari langu, yule mama akitaja, mimi nikiandika. Kufuma lile zulia kulichukua siku nane. Sufu na rangi, peso 500. Kwa bei yake ya 2,400 zinabaki 1,900, yaani kama peso 237 kwa siku, na hapo hatujahesabu siku za kuchana, kusokota na kuchemsha rangi. Kwa bei yangu ya 1,400 zinabaki 900, yaani peso 112 kwa siku. Kima cha chini cha mshahara Meksiko mwaka ule kilikuwa peso 248.93 kwa siku. Bei yake yenyewe haikukifikia, na mimi nilikuwa nimeomba kumlipa chini ya nusu ya kima hicho. Nililifunga daftari taratibu.

Hapo ndipo nikafanya ujinga wa pili: nikatoa lile zulia langu la mjini kuwaonyesha kuwa mbona huko bei ni 600. Yule mama alilitazama, akanyamaza. Binti akauliza kama anaweza kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo. Akauwasha kiberiti. Uliyeyuka ukawa kitone cheusi kigumu, na harufu yake ilikuwa ya plastiki inayoungua. Akachoma uzi wao: ukanuka kama nywele, ukabaki majivu yanayovunjika kwa kidole. Hakuna aliyesema neno, na wala hapakuwa na haja.

Kipimo hicho unaweza kukitumia popote, ila omba ruhusa kwanza, usiende kuwashia watu moto dukani. Pia usidhani rangi ya kiwandani ni utapeli. Wafumaji wengi waaminifu wanaitumia kwa sababu ni nafuu, na watakwambia wazi ukiuliza. Utapeli ni kuiita ya wadudu. Na punguzo linaombeka, hasa ukinunua vitu viwili vitatu. Uliza kwanza siku ngapi zimetumika, ugawanye, ndipo utaje bei yako kama bado unaiweza.

Vijiji vingine nilivipitia haraka. San Bartolo Coyotepec wana vyungu vyeusi vinavyong'aa. Mng'ao huo ulianza miaka ya 1950, pale Doña Rosa Real alipokisugua chungu kwa jiwe kabla hakijachomwa. Lakini vyungu hivyo havishiki maji vizuri, ni vya pambo, usinunue ukidhani utatia togwa. Santa María Atzompa wana vyombo vya kijani, na huko uliza kama rangi haina madini ya risasi kabla hujalia chakula. San Martín Tilcajete na Arrazola wanachonga wanyama wa ajabu kwa mti wa kopali, ambao ni wa jamii moja na miti ya ubani na manemane. Nilitamani sana kakakuona mmoja pale, ila hela ilikuwa imekwisha.

Maana Teotitlán nilikuwa na peso 1,500 tu, na nauli ya kurudi bado. Lile la 2,400 nililiacha. Nilinunua dogo, sentimita 40 kwa 40, jekundu la kochinila, peso 800 kama alivyotaja. Yule mama alilikunja, akaniongezea kibonge cha sufu niliyoichana mwenyewe.

Bibi amelitandika kwenye kiti chake cha barazani. Bei hakuuliza. Aliuliza yule mama ana wajukuu wangapi, na mimi sikuwa na jibu.