Mahabusu Naye Ana Haki ya Kuusoma Ushahidi

Aghalabu tunayatumia maneno mahabusu na mfungwa kana kwamba yana maana moja. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa, ilhali mahabusu angali anangoja kusikilizwa, na mbele ya sheria hana hatia mpaka ithibitishwe. Hata hivyo, huyu asiye na hatia ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kusoma na kuandika akiwa kizuizini.

Tuchukue mfano wa kijana wa Marungu aliyeshtakiwa katika mahakama ya Voi, akashindwa kupata fedha za dhamana. Wakili hana. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhakikishia muda na nyenzo za kutosha za kuandaa utetezi wake, pamoja na kuufikia ushahidi utakaotegemewa na upande wa mashtaka. Kinasema pia kwamba habari hizo apewe kwa lugha anayoielewa.

Nyenzo hizo ni zipi? Zamani tungetaja kalamu na karatasi. Lakini mnamo Machi 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya elektroniki ulienezwa kote nchini, na faili zinazidi kuhama kabatini na kuingia katika tarakilishi. Sheria na hukumu za awali nazo husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Kiongozi wa mashtaka huzisoma hapo. Kijana wetu hana pa kuzisomea.

Nikiwa mwanaisimu, naliona pengo jingine. Mkalimani humtafsiria mshtakiwa kizimbani, na maneno yakishatamkwa yamepita. Jioni, akitaka kulinganisha kauli ya shahidi na taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza, mkalimani hayupo. Anayesikia mara moja atashindanaje na anayesoma na kurudia?

Wapo watakaosema kuwa mahabusu wataitumia tarakilishi kuwatisha mashahidi au kuwalaghai watu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ipo: iwe tarakilishi isiyo na intaneti, iliyotiwa sheria, hukumu na nyaraka za kesi, itumiwe kwa zamu mbele ya askari jela. Wengine watauliza kwa nini mahabusu awatangulie watoto wetu shuleni. Swali hilo ni zito, hasa kwa walimu. Lakini serikali inapomfungia mtu mlango, inajitwika wajibu wa kumpelekea kile ambacho angekifuata mwenyewe kama angekuwa huru.

Mnyonge hana haki, walisema wahenga, wakieleza waliyoyaona. Katiba yetu iliandikwa ili methali hiyo ikome kuwa kweli. Basi Idara ya Magereza na Idara ya Mahakama zianze na chumba kimoja katika kila rumande, nasi walimu na wanafunzi wa lugha tusaidie kuziweka sheria hizo katika Kiswahili ambacho kijana wa Marungu ataweza kukisoma peke yake.