Baba Naye Apimwe

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa ndoa ikikosa mtoto, mara nyingi ni mama anayehangaika peke yake. Mwezi huu tunasema na akina baba. Kipimo cha kwanza kwa baba ni cha mbegu za kiume. Daktari akiona haja, ataagiza pia kipimo cha damu cha homoni.

Homoni ni nini?
Ni kemikali inayosafiri katika damu na kupeleka amri mwilini. Homoni kuu ya kiume ni testosteroni. Hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo daktari hupima pia homoni za tezi hiyo. Testosteroni ikiwa chini na hizo zikiwa juu, hitilafu iko kwenye korodani. Zote zikiwa chini, huenda hitilafu iko kwenye tezi au ubongo.

Damu itolewe lini?
Kipimo cha zamani cha vijidudu vya matende huchukuliwa usiku, kwa kuwa ndipo vinapozunguka katika damu. Cha homoni huchukuliwa asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, kabla ya kula. Wakati huo testosteroni huwa juu. Jioni hushuka, na mzima huweza kudhaniwa mgonjwa. Usipime ukiwa na malaria. Majibu yakiwa chini, kipimo kirudiwe siku nyingine.

Nini huishusha?
Kisukari, unene uliozidi, ulevi wa uraka au gongo, na matubwitubwi yaliyoshambulia korodani. Mwenye busha asisubiri kipimo hiki: busha ni maji yaliyozunguka korodani, na tiba yake ni upasuaji.

Jihadhari
Usinunue sindano za testosteroni ili kutafuta mtoto. Tezi ikiona homoni imejaa katika damu huacha kutoa amri, na korodani hupunguza au huacha kabisa kutengeneza mbegu.

Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Kabla ya kutumia nauli, ulizeni hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Mtakatifu Walburga, Nyangao, kama wanakifanya. Nendeni wawili, baba na mama. Majibu yakitoka, yasomwe na daktari pamoja na dalili zako. Tarakimu peke yake haitoshi.