BIASHARA YA MTANDAO: PIGA HESABU KABLA YA KUTIA SAHIHI

Miongoni mwa mambo yanayozitikisa nyumba nyingi siku hizi ni biashara ya mtandao. Aghalabu hailetwi na mgeni. Huletwa na shemeji, jirani, mfanyakazi mwenzetu au mama tunayesali naye, akiwa na mkoba wa makopo ya unga wa lishe, sabuni na dawa ya meno, pamoja na habari za utajiri. Kwa kuwa mletaji ni mtu wa karibu, wengi wetu huona haya kumwuliza maswali. Makusudi ya makala hii ni kumpa msomaji maswali hayo, ayaulize kabla fedha za karo na za chakula hazijatoka nyumbani.

Biashara yenyewe ni nini?

Katika biashara hii mwanachama hununua bidhaa kwa kampuni kwa bei nafuu, akaziuza kwa faida, na papo hapo huandikisha watu wengine chini yake. Kila hao wanaponunua, yeye hupata kamisheni. Mpango wa namna hiyo ulianza Marekani mwaka 1945, katika uuzaji wa vitamini za Nutrilite. Mwaka 1959 wauzaji wawili wa Nutrilite, Jay Van Andel na Rich DeVos, wakaanzisha kampuni ya Amway.

Si kila biashara ya aina hii ni haramu. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliamua kwamba Amway haikuwa mchezo wa piramidi, kwa sababu kanuni zake zilimtaka mwanachama awauzie wateja, na bidhaa zisizouzika ziliweza kurudishwa. Hata hivyo, Tume hiyo iliiamuru kampuni iache kutia chumvi habari za mapato. Hapo ndipo penye kipimo: je, fedha zinatoka kwa mteja anayehitaji sabuni, au zinatoka mfukoni mwa mwanachama mpya?

Hesabu ya watu sita

Katika mikutano yao mwalikwa huambiwa: “Tafuta watu sita tu, nao kila mmoja atafute sita.” Jambo hilo husikika kuwa jepesi. Lakini tuliandike ubaoni. Sita huzaa 36, nao huzaa 216, kisha 1,296, kisha 7,776. Ngazi ya tisa inahitaji watu 10,077,696. Ngazi ya kumi na tatu inahitaji zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima ina watu wapatao bilioni 8.

Tena, mahali popote mnyororo huo unapokatika, takriban watu watano katika kila sita wamo katika ngazi ya mwisho, nao hawana hata mtu mmoja chini yao. Hawakukosa bidii, wala si wavivu kama wanavyoambiwa. Hesabu yenyewe haikuwawekea nafasi.

Hesabu ya nyumbani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mama anayelipa kiingilio cha shilingi 200,000. Ili ahesabiwe kuwa mwanachama hai, hana budi kununua makopo kumi kila mwezi, kwa shilingi 10,000 kila moja, naye huuza kopo kwa shilingi 15,000. Nauli na gharama za mikutano ni shilingi 20,000, na simu shilingi 10,000. Kwa mwezi ametoa 130,000. Ndugu na majirani wamenunua makopo manne kwa kumwonea haya, akapata 60,000.

Baada ya miezi sita ametoa jumla ya shilingi 980,000, kiingilio kikiwa humo, naye amepokea 360,000. Uvunguni mwa kitanda mna makopo 36. Hata akiyauza yote, asibakishe hata moja, bado atakuwa amepoteza shilingi 80,000, mbali na nguvu zake na muda aliowanyima watoto. Katika mikutano hutajwa hundi ya mtu mmoja aliyefaulu. Hesabu za waliobaki na makopo hazitajwi.

Yaliyowapata wenzetu

Ndugu wa karibu wa biashara hii ni mchezo wa piramidi, ambao pengine hauna hata bidhaa. Nchini Tanzania, DECI iliwafundisha watu “kupanda” fedha ili “wavune” nyingi zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Nchini Kenya, kikosi kazi kilichochunguza michezo hiyo kilieleza mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za nchi hiyo.

Hata kampuni zenye bidhaa zimeonywa. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 huko Marekani na kubadili namna ya kuwalipa wauzaji wake. Mwaka uliofuata hundi zilipelekwa kwa watu wapatao 350,000 waliopoteza fedha. Mwaka 2019 AdvoCare ilikubali kulipa dola milioni 150 na kuachana kabisa na biashara ya mtandao.

Maswali ya kuuliza

Kwanza: nikiacha kuandikisha watu, nikauza bidhaa tu, je, nitapata faida? Pili: je, jirani angeinunua bidhaa hii dukani kwa bei hii, kama nisingekuwa ndugu yake? Tatu: nikishindwa, kampuni itarudisha bidhaa na kunilipa? Jibu hilo liwe la maandishi. Nne: aliyenialika anaweza kunionyesha daftari lake, mapato pamoja na matumizi? Asiye na daftari hana ushahidi.

Tahadhari nyingine ni juu ya afya. Ukiambiwa kuwa unga fulani unaponya kisukari au shinikizo la damu, mwulize daktari wako. Mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa sababu ya maneno ya muuzaji, maana fedha zaweza kutafutwa tena, lakini uhai hautafutwi.

Mume na mke washauriane kabla ya kutoa hata senti moja. Fedha za chama cha akina mama ziwe mbali kabisa na kiingilio cha mtu, na mshahara usikopewe kwa ajili hiyo. Kenda karibu ni bora kuliko kumi nenda urudi: kibanda cha mboga chenye faida ndogo kila jioni hulisha nyumba.

Na aliyekwisha kuingia, akaona hasara, asione aibu kusimama. Adai kurudishiwa fedha zake, naye aache kununua. Ataambiwa kwamba njia ya kuzirudisha ni kuleta watu wapya. Hapo na awafikirie kwa majina: dada yake, mwalimu wa mwanawe, mjane wa nyumba ya pili. Fedha atakazopata zitakuwa zimetoka kwao, nao wataulizwa na watoto wao karo iko wapi.