Kayaki kwa Silanga

Maze, siku ya kwanza tumeshusha kayaki kwa pikapu pale kwa silanga, nje kidogo ya Wote, ng'ombe ziliacha kunywa maji zikatucheki. Katoi fulani ka kuchunga kakauliza kama hiyo ni jeneza ya plastiki. Singekakemea, hata mi niliwaza hivyo.

Form iko hivi: Januari, mbogi ya wasee 4, wawili wa Kitui, wawili wa Makueni, tupige kafi kwa bahari. Watu wa ocha wanauliza, Mkamba na bahari wapi na wapi? Lakini cheki ramani. Athi ndio mpaka wetu, Kitui ng'ambo ile, Makueni hii. Ikishapatana na Tsavo inaitwa Galana, ikifika chini inaitwa Sabaki, alafu inamwagika baharini juu kidogo ya Malindi. Mvua ikipiga, maji ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa huku kwetu, ulishatutangulia kitambo.

Kufanyia mazoezi kwa Athi yenyewe, zii. Mamba za hapo hazinanga mchezo.

Alafu kupiga kafi si noma, unashika kwa masaa 2. Kazi ni kuanguka. Unajipindua makusudi, unaibuka na matope kwa masikio, unajaribu kurudi juu, na kila ukivuta kayaki inakulalia. Siri tulishika wiki ya pili: usipande kama unaruka ukuta ya shule. Lala kwa maji, piga miguu kama chura, teleza na tumbo mpaka kitovu kifike katikati, ndio ugeuke ukae. Msee mwingine anakushikia ile upande ingine. Nilianza na dakika 6. Saa hii niko chini ya 1, na hiyo ni silanga haina wimbi, so sijaanza kuringa.

Kayaki yenyewe ilikuja na ufa. Msee wa kutuuzia alisema ni mkwaruzo tu, kisha simu yake ikawa mteja mpaka leo. Fundi wa kuziba mitungi sokoni aliicheki mara moja, akapasha chuma, akayeyusha kipande ya jerikeni mzee, akaziba. Soo tatu. Haijavuja.

Kilichotuamsha ni simu. Tulikuwa tumechora Kilifi kwenda Malindi. Mzee mmoja mvuvi wa Kilifi akatuskiza, akanyamaza, akasema: "Mwanangu, kaskazi mwataka kuipiga kifua?" Kumbe Disemba mpaka Machi upepo unatoka kaskazini mashariki. Tukageuza safari: Malindi, Watamu, Kilifi, upepo mgongoni. Akatufunza bamvua pia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji inapanda na kushuka kupita mita 3. Ukikosea saa, imekuacha juu ya miamba na ufuo iko huko mbali, unabeba kayaki kwa kichwa. Na pale kwa hori ya Mida, maji ikitoka kwa mlango inakimbia kama mto, haujali mkono yako ni ya gym. Saa hii kalenda ya duka hapa keja imejaa alama za mwezi. Tiketi za KWS nazo tumeziwekea doh, juu Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968.

Msosi tulipiga kura. Muthokoi ikaanguka 3 kwa 1, inakula makaa sana. Ndengu ikapita, na embe kavu.

Kubaki maji. Juzi nilikuwa napima mitungi kwa boma, lita 4 kwa kila msee kwa siku, Susu, nyanya yangu, amekaa kwa kigoda ananiangalia.

"Mnaenda kwa maji mingi hivyo, na bado mnabeba maji?"

"Susu, hiyo yote ni chumvi."

"Kama ya bohoo yetu."

"Kushinda hiyo."

Akavuta mtungi mmoja, akaujaza kiasi, akaupindua juu ya kanga yake, akangoja. Tone moja. Lingine.

"Hii hapana," akasema. "Lete ile ingine."