Je, Wajua? Ofisa Aliyeipa Dunia VAT

Je, wajua kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilibuniwa na ofisa wa kodi? Ni Maurice Lauré, Mfaransa aliyezaliwa Marrakech, Morocco, mwaka 1917. Ufaransa iliianzisha mwaka 1954, na leo inatozwa katika nchi zaidi ya 160. Kenya iliipokea mwaka 1990, Uganda 1996, Tanzania 1998, Oman 2021. Marekani bado haina.

Kilichomkera Lauré ni kodi juu ya kodi. Bidhaa ilitozwa kila ilipouzwa, na kiwanda kilichonunua mashine mpya kiliumia zaidi. Jibu lake lilikuwa rahisi, na kwangu ni la kistadi mno. Chukua fundi seremala wa Tanzania aliyesajiliwa, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Ananunua mbao za shilingi 100,000 na kulipa kodi ya 18,000. Anauza meza kwa 250,000 na kumtoza mteja kodi ya 45,000. Serikalini anapeleka tofauti tu, shilingi 27,000. Lakini hizo 18,000 hazipunguzwi bila risiti halali ya mbao, kwa hiyo yeye mwenyewe atambana muuzaji kabla mkaguzi hajafika.

Ndiyo maana mshauri mwandamizi wa kodi hii huanza na makabati ya ankara, na tarehe 20 ya kila mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani Tanzania na Kenya, humnyima usingizi.

Kazi yenyewe hasa ni kujua kitu ni kitu gani. Uingereza, keki haitozwi kitu ila biskuti iliyopakwa chokoleti hutozwa. Mwaka 1991 baraza la rufaa za kodi lilikaa kuamua kama vitafunwa viitwavyo Jaffa Cakes ni keki au biskuti. Hoja moja ilikuwa hii: ikikaa siku nyingi, keki hukauka ikawa ngumu, biskuti hulainika. Jaffa Cakes hukauka. Ikaamuliwa kuwa ni keki.

Tena, kutozwa asilimia sifuri si sawa na kusamehewa. Mteja haoni tofauti kwenye risiti. Muuzaji wa bidhaa ya sifuri, kama zile zinazouzwa nje ya nchi, hurudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi; kodi hiyo humezwa kwenye gharama zake.